Rubani Asiyeondoka Ardhini

Wahenga walituachia kauli kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake yafahamika kwa kila mwalimu aliyewahi kuitumia mbele ya darasa la wavivu: kazi, hata ikiwa duni na yenye ujira mdogo, yaupita mchezo, hata uwe mzuri namna gani, kwa kuwa kazi huleta kitu nyumbani na mchezo hauleti. Lakini methali hii ilitungwa na watu walioona mpaka ulio wazi kati ya mambo hayo mawili. Aliyekuwa shambani alikuwa shambani, na aliyekuwa akicheza bao alikuwa barazani. Siku hizi umezuka mchezo wenye kanuni zote za kazi, wenye uchovu wake na mitihani yake, nao wachezwa na watu wazima wenye mvi ambao waliifanya kazi yenyewe kwa miaka thelathini au zaidi. Nauliza katika makala haya kama mtu wa namna hiyo anafanya kazi, anacheza, au anajidanganya. Swali hili, ndugu wasomaji, latuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika usukani wa ndege.

Nasema juu ya marubani wastaafu wanaorusha ndege za kuigiza kwa kompyuta, wakiwa wameunganishwa kwa intaneti na wenzao wa nchi nyingi.

Urubani ni miongoni mwa kazi chache ambazo mwisho wake huwekwa na kalenda wala si na mwili. Mkulima huacha jembe pole pole. Mwalimu mstaafu huitwa na majirani kuwasaidia watoto wao hesabu. Lakini rubani wa ndege za abiria za safari za kimataifa alikuwa akishushwa atimizapo miaka 60, mpaka Novemba 2006 ambapo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliusogeza mpaka huo hadi miaka 65 kwa ndege zenye marubani wawili. Marekani nayo ikabadili sheria yake Desemba 2007. Sina ugomvi na sheria hiyo, kwani abiria ana haki ya kulindwa. Hata hivyo tuitazame kwa upande wa anayeondoka. Jana aliaminiwa roho za watu mia tatu. Leo, kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa kwake, haruhusiwi kuzibeba. Ujuzi haukutoka mikononi usiku ule. Umebaki, nao hauna pa kwenda.

Basi mtu huyo hununua kompyuta, usukani mdogo wa mezani na vikanyagio, akaanza upya. Wako wanaocheka. Wasema ni mtoto aliyerudia gari lake la waya. Kabla hatujacheka pamoja nao, yafaa tujue chombo hiki kilitoka wapi, maana asili yake yavuruga kabisa tofauti tunayoitegemea. Mwaka 1929, huko Binghamton katika jimbo la New York, kijana aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alitumia mivukuto na pampu za kinanda kuunda kisanduku chenye umbo la ndege kilichoinama na kugeuka kwa amri ya aliyekaa ndani. Alikusudia kifundishe urubani. Walimu wa urubani hawakukijali, kikauzwa kwenye viwanja vya burudani, watu wakakipanda kwa kufurahia tu. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua, marubani wake wakafa katika ukungu na dhoruba kwa kuwa hawakuzoea kuongozwa na vipimo pasipo kuona nje. Ndipo mwaka huo huo likanunua vyombo sita vya Link. Kwa hiyo kitu kile kile kilikuwa mchezo mlangoni pa bustani ya starehe, kikawa kazi mlangoni pa kambi. Nusu karne baadaye kikarudi tena kwenye mchezo: Bruce Artwick alikiingiza katika kompyuta ndogo mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikaanza kuiuza programu hiyo. Mwaka 2001 uliundwa mtandao uitwao VATSIM, ambamo mmoja arusha ndege ya kuigiza na mwingine, aliye nyumbani kwake nchi nyingine, huongoza ndege hizo kwa sauti kama aliye katika mnara. Hakuna anayelipwa.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya wapinzani, nayo si ile ya gari la waya. Wasema kwamba kinachoifanya kazi ya rubani iwe na heshima ni hatari na dhima. Ondoa hivyo viwili, kilichobaki ni vidole kubonyeza vitufe. Na kweli wana ushahidi. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United, safari namba 232, yenye watu 296, ilipasukiwa injini ya mkiani, na vipande vikakata mifumo yote mitatu ya majimaji inayoendesha mabawa na mkia. Kepteni Al Haynes na wenzake waliielekeza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki, wakaifikisha Sioux City katika jimbo la Iowa. Ilianguka na kuwaka, lakini watu 184 walipona. Baadaye marubani wengine waliwekwa katika mashine za kuigiza wakapewa tatizo lile lile, na wachunguzi wakaamua kwamba kutua salama katika hali ile si jambo linaloweza kufundishwa. Waliokuwa salama walishindwa pale ambapo waliokuwa hatarini walifanikiwa kwa kiasi.

Hoja ni nzuri, ila haijakamilika. Aliyezishika nguvu za injini siku ile alikuwa Denny Fitch, mwalimu wa marubani aliyekuwamo kama abiria. Mtu huyu, baada ya ndege ya Japani kupotea mwaka 1985 kwa hitilafu iliyofanana na hiyo, alikuwa ameketi katika mashine ya kuigiza akajaribu, bila kulazimishwa na mtu, kuongoza kwa injini peke yake. Alikuwa akifanya nini saa zile? Kama hakuna ajali iliyofuata, tungesema alicheza.

Mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, aliuliza kama mtu angekubali kuunganishwa na mashine impayo hisia za maisha yote atakayo, bila yeye kutenda lolote kwa kweli. Alidhani wengi wetu tungekataa, kwa sababu tunataka kutenda, si kuhisi tu kwamba tumetenda. Naafikiana naye. Na kama rubani wetu angejifungia chumbani peke yake akatua Kai Tak kila usiku, ningemhurumia. Kai Tak ni kile kiwanja cha Hong Kong ambacho ndege zilielekezwa kwenye kilima kilichopakwa miraba ya rangi mbili, kisha zikakata kona ya kulia chini chini juu ya mapaa ya Kowloon, na hapo hapo zikatua. Kilifungwa Julai 1998. Leo kwenye ncha ya njia yake hutia nanga meli za watalii. Katika kompyuta bado kipo. Hali kadhalika zipo ndege za Super VC10 zenye simba wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, shirika lililokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yetu ya kwanza. Wapo wapenzi waliozipaka upya rangi zile. Kumbukumbu ni tamu, lakini mtu akiishi ndani yake peke yake hamna wa kumwambia hapana.

Na neno hilo, hapana, ndilo naliona kuwa kiini cha mambo. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa kiwanja cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana njiani, wakafa watu 583, idadi ambayo haijapitwa na ajali nyingine ya ndege kugongana. Rubani wa ndege ya Uholanzi alianza kuondoka bila ruhusa. Alikuwa bingwa, mkuu wa mafunzo katika shirika lake. Na miongoni mwa mambo yaliyotajwa na waliochunguza ni kwamba alikuwa amekaa miaka mingi katika mashine za kufundishia, ambamo mwalimu mwenyewe ndiye ajitoleaye ruhusa. Walimu wenzangu wa lugha watapenda kujua kwamba maneno nayo yalishiriki: katika redio palitamkwa neno la kuruka na mtu ambaye hakuwa akitoa ruhusa, na likasikika kwa maana mbili. Tangu wakati huo marubani na waongoza ndege wamefundishwa kutolitumia neno hilo ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Mahali pengine pote husemwa kuondoka. Ni mara chache mno visawe viwili kutenganishwa kwa gharama kama hiyo.

Basi mwigo unaweza kuharibu pale ambapo mwigaji ni mfalme wa chumba chake. Lakini rubani mstaafu aingiapo katika mtandao wa watu si mfalme. Mwongoza ndege wake huenda akawa kijana wa sekondari, kwani kanuni huruhusu kujiunga kuanzia miaka 13, aliyefaulu mitihani ya mtandao huo ngazi kwa ngazi. Kijana akisema subiri, kepteni mwenye saa elfu ishirini za kuruka husubiri. Hapo mvi hazina cheo. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na mzee aliyefahamu methali hii kazini ataifahamu pia nyumbani. Asiyeweza, ajitoe.

Iko kanuni moja ya VATSIM niliyoipenda kupita zote. Mchezaji aweza kuigiza dharura, injini imekufa au moto umewaka. Lakini mwongoza ndege akimwambia aiache dharura hiyo, ni lazima aiache mara moja au ajiondoe. Kuigiza utekaji wa ndege ni marufuku kabisa. Tazameni uzito wake: ndege ni ya uongo, moto ni wa uongo, lakini usumbufu ampao mwenzake ni wa kweli, kwa hiyo uongo ndio unaotakiwa kupisha. Ahadi ni ahadi hata juu ya ndege isiyokuwapo. Matusi katika redio ni matusi. Uvumilivu wa mzee kwa mwanafunzi aliyekosea mara tatu ni uvumilivu kamili, haukupunguzwa hata chembe na kwamba hapakuwa na mabawa.

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Uganda, ambako watoto wengi hawakisikii nyumbani, twaishi katika mwigo kila siku. Mmoja asimamishwa awe mwuza samaki, wa pili awe bibi aliyekuja kununua. Samaki hakuna, fedha hakuna. Walakini aliyeitikia shikamoo kwa dharau ameonyesha dharau, na darasa zima limemwona. Wakaguzi hutuuliza kwa nini tunapoteza wakati kwa maigizo. Ningependa wamsikilize mzee mmoja wa mtandao huo akimrekebisha kijana aliyelitumia neno la kuruka pasipo mahali pake, mwaka huu, katika chumba ambamo hakuna awezaye kufa.

Sikusudii kumtakasa mtu huyu. Kanuni zile zile hukataza kuiacha ndege bila mtu kwa zaidi ya nusu saa. Yaani yaruhusiwa kuondoka kitini dakika ishirini, jambo ambalo katika ndege ya kweli yenye rubani mmoja lisingewazika. Dakika hizo, naona, ni za wale waishio naye. Mke aliyemngoja miaka thelathini arudi kutoka Hong Kong au London ana haki ya kukasirika akiambiwa kwamba chakula kisubiri, mume yuko juu ya Atlantiki na bado saa nne kutua. Mara mbili kila mwaka hufanywa safari ya pamoja ya kuivuka bahari hiyo, mamia ya ndege kwa siku moja, na waongoza ndege wa kujitolea huketi zamu kwa zamu. Ni jambo la kustaajabisha. Na nyumbani siku hiyo kuna mtu anayekula peke yake. Hapo methali ya wahenga yapata tena nguvu zake, kwani mchezo huo haukumnyima mke fedha, umemnyima mtu.

Kuhusu jina la kepteni, ambalo wenzake wachanga hupenda kumwita, sioni kosa. Mwalimu mstaafu huitwa mwalimu mpaka kaburini, na hakuna aulizaye leo ana darasa gani. Kosa lingekuwa kulitumia jina hilo kumnyamazisha kijana wa mnarani.

Usiku ukiendelea, waongoza ndege hulala mmoja mmoja, na sehemu kubwa za anga hubaki bila sauti. Kwa hali hiyo kanuni yataka kila rubani ahamie masafa ya pamoja, ambayo kwa kawaida ni 122.800, ajiongoze mwenyewe, na kuwajulisha wengine yuko wapi, amefikia urefu gani, na anakusudia kutua kwenye njia ipi. Mzee hutaja kiwanja, hutaja njia, hurudia jina la kiwanja kama alivyofundishwa, kisha huachia kitufe na kusikiliza kidogo, kama kuna mwingine, kabla ya kuteremka.