Juu ya Kugeuza Picha, na Amana ya Mwenye Kugeuza

Tangu zama za Wayunani wanafalsafa wameliuliza swali hili, na wanavyuoni wa Kiislamu na wa Kikristo waliokuja baadaye hawakuliacha lipumzike: kitu kinapovuliwa umbo lake na kuvikwa jingine, je, hubaki kuwa kile kile, au huwa kimetoweka na mahali pake pameshikwa na kingine kinachofanana nacho? Hapo kale lilikuwa swali la watu wenye faragha ya kufikiri. Leo limeshuka sokoni, na hapa Likuyani, katika mji wa Matunda ulio kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale, hukatiwa hukumu mchana kutwa na vijana wenye kompyuta, ambao mteja huwapelekea flashi na kuwaomba wamtilie michezo ya runinga, nao huigeuza kutoka umbo hili hadi lile ili ikubali kufunguka nyumbani kwake. Haki ya mtunzi ni mlango mwingine wenye hukumu zake, nami siufungui hapa. Namzungumzia mtu aliyerekodi kwa halali yake kipindi cha Papa Shirandula au cha Vioja Mahakamani, akataka kukitazama siku nyingine pamoja na jamaa zake.

Yatupasa kwanza tupambanue mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kila faili ya video ni chombo, na ndani ya chombo mna vitu: picha zilizosimbwa kwa kanuni fulani, sauti zilizosimbwa kwa kanuni nyingine, na pengine maandishi yapitayo chini ya kioo. MKV, MP4 na AVI ni majina ya vyombo, ilhali H.264, iliyotolewa mwaka 2003, na H.265, iliyoifuata mwaka 2013, ni majina ya kanuni za kusimba picha. Basi kijana aliyeletewa faili ya MKV ambayo runinga ya mteja haiitambui, aweza kukuta kwamba picha iliyomo ni ya H.264, ambayo runinga hiyo hiyo yaijua barabara. Na hapo linalompasa ni kuihamisha tu kutoka chombo kimoja hadi kingine, kazi ya muda mfupi isiyopoteza hata nukta moja. Lakini mara nyingi, kwa haraka au kwa kutojua, huiamuru programu isimbe picha yote upya. Kompyuta ikahangaika saa nzima, feni ikivuma, na kitokacho kikawa pungufu kuliko kilichoingia. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa hapa mtu huharibu kilicho ndani kwa ajili ya dosari iliyokuwa katika chombo peke yake, na hilo ni kosa ambalo wanadamu wamelitenda katika mambo makubwa kuliko michezo ya runinga.

Kuna dharura, sikatai. Deki ya zamani iliyopewa faili ya H.265 haina la kufanya. Hapo kusimba upya hakuepukiki. Ila tujue tunachokifanya. Kusimba upya ni kuchagua cha kutupa, na walioziweka kanuni hizi walichagua kwa hekima kubwa. Jicho la mwanadamu hutambua mwanga na giza kwa ukali zaidi kuliko linavyotambua rangi, kwa hiyo picha yenye nukta 1920 kwa 1080 kwa desturi huwekewa rangi zake kwa kipimo cha 960 kwa 540, na mtazamaji asihisi upungufu wowote. Tena picha nyingi haziwekwi nzima: huwekwa moja iliyo kamili, na zinazoifuata huandikiwa tofauti zake tu, ukuta wa sebule usiosogea ukiachwa kama ulivyokwisha kuandikwa, na midomo inayosema ikiandikwa upya. Walakini kipimo kikikazwa kupita kiasi, ili faili iwe ndogo na flashi ichukue vipindi tele, mashine huanza kuamua kwamba mabadiliko madogo si mabadiliko. Mtazame mchezaji aliyeketi gizani, aliyepewa habari ya msiba, asiyesema neno: shavu lake huvunjika vipande vya mraba, na mtetemo wa mdomo, ambao mchezo mzima uliusafiria nusu saa, hufutika kwa sababu kwa hesabu ya mashine ulikuwa kitu kidogo.

Je, huo ungali mchezo ule ule? Aristotle alitenganisha mata ya kitu na sura yake, kisha akataka tuulize pia kitu kimekusudiwa nini. Nami naona swali hilo la kusudi ndilo litakalotutoa hapa. Mchezo haukutungwa ili uwe faili, bali ili huzuni, kicheko na aibu ya watu fulani imfikie mtu aliyeketi sebuleni. Kinachofika kikiwa kizima, mchezo umesalimika, hata kama nukta zake nyingi zimeachwa njiani. Kisipofika, umepotea, ijapokuwa jina la faili halikubadilika.

Likuyani yenyewe ni mahali pema pa kulitafakari hili, kwa maana hapa wanaishi bega kwa bega watu wanaolijibu kwa namna mbili. Waumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo wamisheni wake kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, kwa mapokeo yao hawabatizi kwa maji wala hawaandai mkate na divai, kwa kuwa waamini kwamba neema haihitaji chombo cha nje. Ilhali jirani zao Wakatoliki hushika kwamba maji, mkate na divai vyenyewe vimewekwa, wala hakuna mwenye ruhusa ya kuvibadili. Sithubutu kuhukumu kati yao katika mambo ya Mungu. Katika hili la picha, nadhani kila upande umeona kweli moja: chombo chaweza kuachwa bila majuto, na kilichomo kisiguswe ila kwa hofu.

Nasema kwa hofu kwa sababu mwenye kugeuza mara nyingi haoni alichokipoteza. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu ambaye masikio yamemwacha, afuataye mchezo kwa kuyasoma maandishi ya chini. Kijana anamwambia kwa adabu, "Mwalimu, zote zimeingia, na nafasi imebaki," na amesema kweli. Lakini alipoitoa picha katika MKV na kuitia katika AVI, maandishi yaliachwa nyuma, kama yaachwavyo aghalabu katika chombo hicho. Kijana aliujaribu mchezo dukani ukacheza vizuri, kwa kuwa yeye husikia. Mwalimu akifika nyumbani hukuta midomo inayosogea tu. Hapakuwa na hila wala uvivu. Palikuwa na mtu aliyepima haja ya mwenzake kwa viungo vyake mwenyewe. Kurani inasimulia kwamba amana ilidhihirishwa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuichukua kwa kuiogopa, naye mwanadamu akaibeba. Na mimi siioni amana kuwa ndogo kwa sababu tu imo ndani ya flashi.

Atasema mtu: basi tusiguse kitu, kila faili ibaki ilivyo. Huyo namkumbusha mtumwa wa Injili ya Mathayo aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini, akairudisha ikiwa kamili, akalaumiwa. Ziko nyumba zenye kanda za VHS ambamo vipindi vya mchezo wa runinga wa Tausi vya miaka ya 1990 vimehifadhiwa kabatini, na hakuna deki iliyobaki ya kuzichezesha. Nazo zinachakaa zikiwa hazijaguswa. Kwa upande wa pili, BBC ya Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta kanda za michezo mingi, vikiwemo vipindi vya Doctor Who, ili zitumiwe kurekodia mambo mengine, kwani kanda zilikuwa ghali; na baadhi ya vipindi hivyo vimetafutwa tangu hapo pasipo kupatikana.

Njia iliyonyooka aliionyesha Sheikh Abdullah Saleh Farsy katika jambo tukufu zaidi. Tafsiri yake ya Kurani, Qurani Takatifu ya mwaka 1969, iliweka Kiswahili pamoja na Kiarabu chenyewe, hata msomaji akapata msaada bila kunyang'anywa asili. Vivyo hivyo nakala iliyobanwa iwe ya kutazamia, na ile iliyorekodiwa mwanzo ibaki mahali pake. Najua kwamba diski ina bei, na mavuno ya mahindi hayatoshi kila mwaka. Najua pia kwamba flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili izidiyo GB 4, na kwamba kuna siku ambapo kimoja hakina budi kufutwa. Siku hiyo uamuzi ni wa mwenye faili, si wa mwenye kompyuta. Kijana amwonyeshe dakika moja ya picha iliyobanwa kando ya dakika ile ile ya asili, achague mahali penye giza na uso wa mtu, amuulize ni akina nani watakaotazama naye, kisha amwache aamue.