Mto Mpana wa Adi

Kila Ramadhani nikifika na watoto wa chuoni kwenye aya ya 187 ya Suratul Baqara, siendi haraka. Aya hiyo inaruhusu kula na kunywa mpaka uzi mweupe upambanuke na uzi mweusi. Adi bin Hatim alipoisikia, alitwaa kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake, akawa anazitazama usiku, wala hazikumbainikia. Kulipokucha akamwendea Mtume, naye akamwambia kuwa basi mto wake ni mpana kwelikweli, kisha akamweleza: ni weusi wa usiku na weupe wa mchana.

Watoto hushika mbavu. Nami nawaacha wacheke, kwani hata jibu la Mtume lilikuwa na utani wa upole. Lakini Adi hakuwa mjinga. Baba yake ni yule Hatim wa kabila la Tayy ambaye ukarimu wake Waarabu wameufanya methali. Ameamriwa jambo, akakesha ili asilikosee.

Na hakuwa peke yake. Sahl bin Saad anasimulia kwamba wapo waliojifunga nyuzi miguuni, wakaendelea kula mpaka wazione vizuri. Ndipo likateremka neno la kubainisha kwamba inayokusudiwa ni alfajiri. Hapo ndipo imani yangu inaponenepa: watu walielewa neno kama lilivyo, na Mola akawaongezea neno. Tunalisoma hadi leo.

Hata leo wapo wa namna ya Adi. Binti mmoja aliposikia ikisemwa babu yake amekula chumvi nyingi, alilificha kopo la chumvi, maana daktari alishamkataza mzee kwa sababu ya presha. Nyumba nzima ilicheka. Mimi nasema pale hakuna aliyemhurumia babu kumshinda yeye. Huyu si sawa na Abunuwasi wa hadithi zetu, anayejua maana barabara na kuipindua ili abaki na sufuria ya jirani. Nia ndiyo inayowatenga, na nia hulipwa kabla ya ufahamu.

Suratul Israa inakataza mkono kufungwa shingoni, yaani ubahili. "Maalim, kwa kamba au kwa mnyororo?" aliuliza kijana mmoja, wenzake wakaanza kumzomea. Nikawanyamazisha, nikamfunga mkono shingoni kwa kanga, nikamtia tende kiganjani na kumwambia ampe aliyekaa kando yake. Akajipinda, akainama, tende ikaangukia jamvini. Wakacheka wote, naye akiwa wa kwanza.