Thamani ya Kisichotumika
Gari la michezo la MGB, lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, huuzwa ghali zaidi likiwa limetembea maili chache. Ati sifa ya gari ni kutokwenda! Hapa Kamanga, kwa sisi watu wa vivuko, chombo husifiwa kwa safari zake. Sikatai, kilichohifadhiwa hutuonyesha jinsi kilivyoundwa. Lakini kukaa bure si kutunzwa: mipira hukauka, breki hushika kutu, petroli huharibika. Swali hili latuhusu pia, ndugu msomaji: elimu, nguvu na huruma tulizozifungia stoo, tutamwuzia nani? Mwalimu hupimwa kwa chaki iliyokwisha, si kwa boksi lisilofunguliwa.