Tuwaulize Wakiwa Hai

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo husubiri Waziri ayatangaze kuwa yanalindwa. Ukiifuata sheria hiyo peke yake, unaweza kupita Ifakara hadi Mlimba ukadhani Bonde la Kilombero halina historia. Kilwa wana magofu ya mawe. Wandamba, kwenye bonde hili linalofurika kila masika, walijenga kwa miti, nyasi na udongo. Nyumba ya namna hiyo haimsubiri mtafiti.

Hata hivyo mambo makubwa yalitendeka huku. Mwishoni mwa Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, Wambunga na Wapogoro walilivamia boma la Wajerumani kule Mahenge. Njia walizopita na mahali walipopewa maji ya dawa havikujengewa ukuta. Vilibaki vichwani mwa watu.

Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kwenye maeneo ya vita hivyo, wakakaa na wazee na kuandika walichosikia. Aliyeviona vita akiwa na miaka 10 alikuwa amefika 73. Wangechelewa kidogo tu, habari za vita hivyo tungezipata karibu zote kwa maofisa na wamisionari wa Kijerumani.

Nalikumbuka hilo kila ninapoifikiria reli ya TAZARA. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakatiza bonde letu. Kijana aliyebeba mataruma akiwa na miaka 20 leo ameshavuka 70, umri wa wale wazee wa 1968. Yeye ndiye awezaye kutuonyesha kambi ilipokuwa, walipolala yeye na mafundi wa Kichina, na mwenzao aliyeumia kazini alipoangukia. Kadhalika, waliofanya kazi kwenye kivuko cha Mto Kilombero kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018 wanajua gati lilipokuwa na lilivyohamishwa maji yalipojaa.

Kutambua eneo la kihistoria kunaanza hapo, kwa kumuuliza mtu kwa heshima. Andika jina la mahali, tukio na aliyelisimulia. Muulize na mwingine, ulinganishe. Nenda nao hadi penyewe, upige picha, kisha taarifa ifike kijijini, halmashauri na idara inayosimamia mambo ya kale. Eneo ambalo halikuandikwa popote hugawiwa viwanja bila mtu kujua kilichopotea.

Naamini jamii inayothamini mawe tu huishia kuwasahau watu wake walio wengi, wale waliojenga kwa udongo na kufanya kazi kwa mikono. Shule za sekondari za bonde hili zina walimu wa historia na vijana wenye simu za kurekodi. Kazi hii waianze mwaka huu, kwa sababu wazee hawa hawatalisubiri tangazo la Waziri.