Utulivu wa Ng'ambo na Bei Yake

Lipo swali linalowajia watu wengi wa makamo waliochoshwa na miji mikubwa: je, haifai mtu akahamia mji mdogo ulio mbali, akamalizia siku zake huko? Kwetu Ilemela swali hili lina jina na lina njia. Jina ni Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe. Njia ni ziwa. Mtu asimamaye kwenye mwalo wa Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa na makelele ya wachuuzi, huziona meli zikielekea visiwani, na moyo humnong'oneza kwamba raha iko ng'ambo.

Mwenye kutaka kuhama hupima. Upande mmoja wa mizani huweka kodi nafuu, samaki wabichi, machungwa na usiku usio na honi. Upande wa pili huweka safari ya saa tatu hivi majini, hospitali ya Bugando iliyobaki Mwanza, na vitabu visivyofika. Hesabu hiyo si mbaya, lakini haijakamilika. Inauliza mji utampa nini mhamiaji. Haiulizi utulivu anaoutamani umetoka wapi, wala nani amekuwa akiulipia.

Kwa sehemu kubwa, utulivu wa mahali pa mbali ni uhaba uliopewa jina zuri. Barabara ni kimya kwa kuwa magari ni machache, na magari ni machache kwa kuwa kila kitu sharti kivuke maji. Kile anachokiita mgeni amani, mjamzito anayesubiri chombo cha kumvusha usiku hukiita kwa jina jingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugorora katika Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliundwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Wasomaji wa Unguja na Pemba, waliozika wao baada ya MV Spice Islander kuzama mwaka 2011, hawahitaji kufafanuliwa. Mtu hapandi chombo kilichofurika kwa kutojua hatari. Hupanda kwa kuwa lazima afike kwao, na hana chombo kingine.

Yumkini msomaji atanijibu kwamba umbali nao una neema yake, na atanitajia Aniceti Kitereza. Atakuwa na haki. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alipata kufanya kazi Mwanza, kisha akarejea Ukerewe. Huko, kwa lugha ya Kikerewe, aliandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka na kizazi chao, akaikamilisha mwaka 1945. Kazi iliyojaa kiasi kile mila, dawa, kilimo na maneno ya wazee isingeandikwa na mtu aliyewapa wazee hao kisogo. Hata hivyo, nayo ilidaiwa nauli. Lugha ya watu wachache haikupata mchapishaji. Ikambidi mwandishi mwenyewe aifasiri kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Miaka 35 ya kungoja! Lugha nayo yaweza kuwa mji mdogo wa ng'ambo.

Kitereza hakukaa kisiwani kama mtu aliyekodi kivuli. Kilichowapata jirani zake kilimpata na yeye. Hapo ndipo naona mpaka kati ya kuhamia mahali na kupumzikia mahali. Anayeweka akiba ya kuondoka pindi homa ya kwanza inapobisha hodi anaishi katika Nansio nyingine, isiyo ya jirani yake, ijapokuwa ukuta wao ni mmoja. Kuwa na akiba si dhambi. Ila ni deni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mhamiaji mwenye elimu ni sauti yake: aketi katika mkutano wa kata, aulize habari za kivuko, za zahanati na za walimu, kama aulizaye mambo ya nyumba yake.

Basi, anayepima mji wa namna hii nampa jiwe moja la kuongeza kwenye mizani. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na waliozoea kungoja kivuko kwa saa nyingi sasa huvuka kwa dakika chache. Umbali, kumbe, si amri ya mbinguni. Watu huuacha na watu huuondoa. Jiulize: kama kesho daraja la namna hiyo lingefika Ukerewe, na malori na honi vikaja nalo, ungeshangilia pamoja na majirani, au ungeuomboleza utulivu wako? Ukijua utashangilia, funga mizigo. Ukijua utaomboleza, unachokitaka ni shida ya wenzako iendelee ili wewe ulale vizuri, na huo si mji wa kuhamia.