Ukungu Unaujua, Sasa Utaje

Saa kumi na moja alfajiri Nyandira, huku milimani Uluguru, ukungu umemeza mpaka mlango wa jirani. Wewe kijana wa Mgeta unachungulia mara moja tu, unajua: kabla ya saa tatu hakuna jua, na lori la kabichi litashuka kwenda Sangasanga likitambaa kwa utelezi. Huo utabiri hukuusoma popote. Lakini mgeni akikuuliza kwa Kiingereza leo hewa ikoje, unajibu "fine" na kutazama viatu.

Inua kichwa, ndugu yangu! Kosa si lako peke yako. Ubaoni tuliandikiwa "spring, summer, autumn, winter", tukazikariri kama majina ya wajomba tusiowahi kuwaona. Tukaambiwa kiangazi ni "summer", mtihani ukapita. Sasa mwambie Mwingereza kwamba Julai Mgeta ni "summer": atakuja na kaptula, akutane na kipupwe kinachotutia sisi wenyewe ndani ya makoti. Sema "cool dry season", atafunga sweta.

Anzia na kinachokunyeshea. Manyunyu yanayokulowesha nywele huku udongo ukibaki mkavu ni "drizzle". Mvua inayokuja ghafla ikapita ni "shower". Ile inayobomoa matuta uliyoinamia siku nzima, hiyo "downpour". Ukungu nao una ngazi: usipoweza kuona kilichoko kilomita moja mbele ni "fog", ukiona zaidi ya hapo ni "mist". Na masika ikikatika wiki mbili kisha ikarudi, usilie "drought", maana huo ni ukame wenyewe. Sema "dry spell". Mkulima anayechanganya hayo mawili anaweza kung'oa njegere ambazo zingepona.

Unasema lugha hii ni ya wenyewe? "Monsoon" ni ndugu wa damu wa msimu wetu. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, "mawsim". Moja likabaki na mabaharia wa pwani, jingine likapitia kwa Wareno hadi kwa Waingereza. Na "long rains" na "short rains"? London hayana kazi. Yametungwa kwa ajili ya masika na vuli, kwa sababu Kiingereza kilifika huku kikakuta mvua kisizozijua. Kwa hiyo kilijifunza kwetu kwanza. Unaona haya ya nini?

Tazama hata mlima wenyewe. Pepo za Bahari ya Hindi huupiga Uluguru kwa mashariki, zikamwaga maji yake kule Matombo na Kinole. Zikivuka kuja Mgeta zimeshapungukiwa. Waingereza huita upande wetu "leeward", na eneo linalopungukiwa mvua hivyo "rain shadow", yaani kivuli cha mvua. Manahodha wa pwani upande uliokingwa dhidi ya upepo huuita demani. Basi wewe Mluguru, uliyeko mbali na jahazi lolote, umezaliwa demanini mwa mlima. Mimi neno hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema mvua za juu ya wastani, simu yako huenda ikaandika "above normal". Ni habari ileile. Isome, upange mbegu na mifereji, usisubiri mtoto wa kaka arudi kutoka mjini akutafsirie.

Kesho ukitoka na jembe, taja unachokiona, kwa sauti. Kabichi hazicheki. "Thick fog. No wind." Kosea, rudia, kosea tena. Kisha siku mtafiti kutoka chuo kikuu cha kilimo, SUA, au mpanda mlima anayeelekea uwanda wa Lukwangule, atakaposimama barabarani akikodolea macho ule weupe, msogelee umwambie: "The fog will lift by nine." Nine yao ndiyo saa tatu yetu, usimpoteze mgeni wa watu. Halafu endelea kupalilia, umwache aitazame saa yake.