Tajiri Aliyesema na Nafsi Yake

Viko vitabu ambavyo siku hizi vyasomwa sana na vijana wetu, navyo ni vile vya kufundisha namna ya kufanikiwa maishani. Huuzwa kando ya barabara za Dar es Salaam, hupitishwa katika simu kutoka kwa mtu hata mtu, na maneno yake hurudiwa na wahamasishaji katika semina zenye kiingilio. Vingi vyatoka Marekani. Kile cha Napoleon Hill, Think and Grow Rich, kilitoka mwaka 1937. Kile cha Robert Kiyosaki, Rich Dad Poor Dad, mwaka 1997. Hapa kwetu Reginald Mengi, aliyezaliwa katika nyumba ya kimaskini huko Machame akawa tajiri mkubwa, alitoa chake mwaka 2018, I Can, I Must, I Will, naye akafariki mwaka 2019.

Si haki kuvidharau vitabu hivi vyote kwa pamoja, kama wafanyavyo watu wengine wacha Mungu ambao wenyewe hawajakosa chakula hata siku moja. Humo msomaji hujifunza kuandika mapato na matumizi, kuweka akiba, kutimiza ahadi, na kutoionea haya kazi ya mikono. Wazee walikwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa hupata fedha zake nyingi katika msimu mmoja tu, na wengi wanaujua uchungu wa kuziona zimekwisha kabla ya masika. Kitabu kikimfundisha mtu kama huyo kuzigawa fedha zake miezi kumi na miwili, kimemtendea wema, nasi twashukuru.

Lakini vingi havikomi hapo. Vyasema kwamba chanzo cha umaskini ni fikira; afikiriye kitajiri atatajirika, na aliyebaki maskini amejinyima mwenyewe. Maneno haya humchangamsha kijana mwenye nguvu na asiye na mzigo. Yakimfikia mama mwenye ekari mbili za mikorosho pale Mtua, maana yake ni nyingine: humwambia kuwa umaskini wake ni kosa lake. Hapo hatuwezi kunyamaza.

Tuyatazame mambo yaliyotokea mbele ya macho yetu. Katika msimu wa mwaka 2017 bei ya korosho ghafi mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini ya shilingi 3,000, wakulima wakazikataa, na mwezi wa Novemba Rais Magufuli akaamuru Serikali izinunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yazibebe. Hata hivyo wako waliongoja malipo yao kwa muda mrefu, uhakiki ukifanyika. Mikorosho ilikuwa ile ile, ikapuliziwa salfa ile ile dhidi ya ubwiri unga, na wakulima walikuwa wale wale wenye fikira zile zile. Kilichobadilika kilibadilika mbali, katika masoko ya India na Vietnam ambako korosho zetu nyingi huenda kubanguliwa. Mama yule angekariri maneno ya ushindi mchana na usiku, bei isingeongezeka hata senti.

Wala si mnyonge tu ashindwaye na mambo yasiyo katika uwezo wake. Nachingwea yenyewe yatoa ushahidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza katika nchi yetu mpango mkubwa wa karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kama kuwaza makubwa kungetosha, hapana waliowaza makubwa kuliko wao. Walikuwa na fedha, na wataalamu, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wakajenga na reli kutoka pwani ya Mtwara hata Nachingwea. Walakini ardhi na mvua havikuulizwa sawasawa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea paundi milioni 36 hivi, na reli ile ikang'olewa katika miaka ya 1960. Hakuna aliyewaambia mabwana wale kwamba walishindwa kwa sababu hawakujiamini! Neno hilo huwekewa maskini.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: mali yaleta heri? Atakayejibu upesi kwamba haileti, na akaulizwe na baba aliyekaa mlangoni pa hospitali bila nauli ya kumpeleka mgonjwa Ndanda. Fedha huondoa taabu za kweli. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Kahneman na Angus Deaton, walitangaza kwamba furaha ya kila siku hupanda pamoja na mapato hata yafikapo dola 75,000 kwa mwaka, kisha haipandi tena. Wahubiri wengi walilifurahia neno hilo. Lakini mwaka 2023 Kahneman mwenyewe, pamoja na Matthew Killingsworth na Barbara Mellers, alilisahihisha: kwa watu walio wengi furaha yaendelea kupanda, ila kwa wale wenye huzuni kuliko wote, mapato yakipita kiwango fulani hayawasaidii tena. Yatupasa kuyapokea hayo kwa unyofu, hata kama yanatuharibia mahubiri.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikwisha kuligawa jambo hili kwa namna inayotufaa zaidi. Alisema kuna mali ya asili, kama chakula, nguo na nyumba, na kuna mali iliyobuniwa na watu, yaani fedha. Ya kwanza ina kikomo, kwa kuwa tumbo hushiba. Ya pili haina, kwa kuwa hapana hesabu isiyoweza kuongezwa moja. Na zote mbili hutafutwa kwa ajili ya kitu kingine. Basi haziwezi kuwa mwisho wa safari ya mtu.

Hill amwagiza msomaji wake aandike kiasi kamili cha fedha anachokitaka, kisha ajisomee kwa sauti asubuhi na jioni. Tuliposoma hayo tulimkumbuka yule tajiri wa Injili ya Luka, ambaye shamba lake lilizaa sana hata akaazimia kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Hakuiba, hakudhulumu, alikuwa mkulima hodari. Lakini tazameni asema na nani: asema na nafsi yake tu. Hamwiti mke wala mtoto, hamtaji mtumishi aliyevuna wala jirani aliyekosa. Furaha yake yote aipanga peke yake chumbani, kama mtu anayejisomea karatasi.

Twajua watu wanaoishi hivyo huku kwetu. Katika miezi ya njaa, korosho zikiwa bado juu ya miti, mwenye fedha humwendea mwenye shida, akampa fedha kidogo au debe la mahindi, ili msimu ukifika alipwe kwa korosho. Bei yake huwa sehemu ndogo tu ya bei ya mnada. Hii ndiyo kangomba, nayo imepigwa marufuku, lakini haijafa. Mfanya kangomba aliiona nafasi, akatumia mtaji, akaamka mapema kuliko wengine. Kwa kipimo cha semina nyingi amefanikiwa. Tumtendee Hill haki: yeye mwenyewe aliandika kwamba mtu asifanye biashara isiyowafaa wote inayowagusa. Ni neno jema, na tungependa lirudiwe kwenye semina kwa sauti ile ile irudiwayo hesabu ya fedha. Maana kile kiasi alichojitajia yule bwana asubuhi na jioni kimetimia. Na mama wa Mtua, korosho zikiisha kupimwa, arudi nyumbani na gunia tupu, na sare na madaftari ya mtoto bado hajavinunua.